Rangi ya Ofisi

Mashua ile niliinunua kwa hasira. Wengine hununua vitu kwa mapenzi; mimi hasira ndiyo iliyonishika mkono ikanipeleka mpaka uwanja wa mnada wa ofisi ya bandari, nikanyoosha kidole mbele ya watu waliokuja kutafuta viti vibovu na matairi. Ilikuwa mashua kuukuu ya tanga, imeegemea ukuta, mlingoti wake umelazwa pembeni kama mgonjwa aliyeshushwa kitandani. Hakuna mwingine aliyeitaka.

"Mzee wa mageti anakwenda kuvua papa!" mmoja akasema, wakacheka mpaka dalali naye akacheka.

Waache wacheke. Mageti ndiyo kazi yangu kweli. Nimechomelea tangu ndevu zangu zikiwa laini, na nusu ya nyumba za mtaa wetu zinafungwa kwa vyuma vya mkono wangu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, sina hakika. Chuma nakijua. Bahari sikuijua wala sikuwa na shida nayo mpaka ilipomchukua mke wangu.

Nimekosea kusema. Bahari ina kosa gani? Waliomchukua ni wakubwa na rangi yao.

Mke wangu alikuwa mfagizi wa kivuko. Kila mgeni mzito alipokaribia kuja, ofisi ilitoa amri kivuko kipakwe rangi. Kutengenezwa, hapana. Kupakwa. Buluu ile ile ya ofisi, juu ya kutu, juu ya bawaba, juu ya vitasa, juu ya chochote kisichokimbia. Rangi juu ya rangi mpaka milango ikanenepa ikawa haiingii kwenye fremu zake. Akirudi jioni ananiambia, "Mume wangu, leo mlango wa stoo ya ndoo nimeufungua kwa bega," nami nampaka mafuta begani huku tukiwasema wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao.

Humo ndani ya stoo, chini kabisa, kulikuwa na valvu ya shaba inayoingiza maji ya bahari. Yeye alijazia ndoo hapo. Mpini wake ulikuwa unamkata kiganja, basi akachana shati langu kuukuu la mistari myekundu na myeupe, akauzungushia kitambaa na kukishona vizuri. Wapaka rangi walipopita, walipaka na kitambaa.

Siku bomba lilipopasuka na maji yakaanza kuingia, Mkaguzi wa vyombo wa ofisi alikuwa ameshaandika, wiki hiyo hiyo, kwamba kila kitu kinafanya kazi. Mke wangu akashuka kwenda kufunga, kwa sababu chombo kizima, na wakubwa wake wote wa kofia, hakuna mwingine aliyewahi kuigeuza valvu ile. Kivuko kikalala upande. Mlango ukajibana nyuma yake.

Jioni redio ikasema: abiria wote wameokolewa. Na ni kweli tupu. Yeye hakuwa abiria.

Walipokiinua kivuko, walikuta mlango wa stoo bado umekwama. Wakaukata kwa msumeno. Ndani hamna mtu. Maji, matope, na valvu imegeuzwa nusu. Hilo redio haikulisema. Niliambiwa na waliokata. Mpaka leo hatuna kaburi la kung'olea majani. Na ofisi ikapiga marufuku boti za kukodi kusimama mahali pale kilipozama, eti ni njia ya meli. Nikaomba, nikabembeleza, nikafukuzwa kama kuku jikoni. Ndipo nikasema, basi nitakuwa na chombo changu, na binti yangu atakwenda kumuaga mama yake, wapende wasipende.

Binti yangu ni mshonaji. Alilipokea tanga lile lililooza kona, akalitia viraka kwenye cherehani yake usiku na mchana bila kulalamika. Lakini kupanda? Tangu siku ile hata beseni la kufulia anainama kulitazama kwanza.

"Baba, tanga nitakushonea," akasema. "Miguu yangu usiniombe."

* * *

Aliyenifundisha mashua, ilipokwisha kushushwa majini, ni Fundi Grisi, mtu wa injini pale gatini, ambaye sijawahi kuona rangi ya kweli ya mikono yake.

"Mzee, mashua ni kama nyumba ya mtu mwenye wivu," aliniambia siku ya kwanza, tumejikunja wote wawili kwenye chumba cha chini kama vijiko kwenye kopo. "Kila tundu ulijue liko wapi na anayepita hapo ni nani."

"Wewe umeoa?"

"Mara mbili. Unadhani kwa nini nalala kwenye injini?"

Akanifundisha. Hapa betri, na nyaya zake, hii nyekundu usiiguse na mkono wenye maji. Hapa pampu, na kiboya chake kidogo: maji yakikinyanyua, pampu inaamka yenyewe. Hapa ngama, tumbo la chini kabisa ambako maji machafu hukusanyika. Ukitaka kuijua afya ya mashua, chungulia ngama yake kabla hujasalimia mtu. Injini ndogo hii inakunywa maji ya bahari ili isichemke, na inayanywa kupitia valvu ile pale.

"Ukifika, fungua. Ukiondoka, funga. Ukisahau kufungua umeua injini. Ukisahau kufunga umeua mashua."

Nikaishika. Haikutikisika. Ilikuwa imepakwa rangi, buluu ya ofisi, tabaka juu ya tabaka mpaka mpini umekuwa mnene kama gunzi la muhindi. Mfuniko wa kushukia chini nao ni hivyo hivyo, mbao nzito iliyovimba kwa rangi, ukiufunga lazima uupige teke kuufungua.

"Hata huku!" nikasema. "Hawa watu wangepaka rangi mpaka mkate."

Fundi Grisi hakucheka. Alikuwa akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Mchana kutwa nilikwangua, mfuniko kwanza, kisha valvu. Nikafika kwenye shaba pale kwenye shingo ya valvu, nikatia grisi, nikagonga kidogo kidogo mpaka ikazunguka. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivyo. Nikafunga, nikapiga kufuli, nikaenda kulala.

Asubuhi valvu ilikuwa imepakwa rangi.

Mbichi. Niligusa, kidole kikatoka na buluu. Nikatoka mbio mpaka kwa mlinzi wa lango la bandari, nikamtukana mlinzi, nikamtukana aliyemwajiri. Mlinzi akaniapia hakuna aliyepita. Sikumwamini, anakula kwa mkono wa ofisi. Nikakwangua upya. Nikaenda kiwandani kwangu nikachomelea komeo la nondo ambalo ng'ombe dume asingelivunja, nikalipachika kwenye mfuniko, ufunguo nikauvaa shingoni.

Asubuhi komeo liko vile vile. Rangi nayo iko vile vile, inang'aa. Safari hii nilishuka na taa nikaitazama kwa karibu. Mimi nimepaka mageti maelfu, naijua brashi inavyoacha mikwaruzo yake na pale mkono unapochoka. Pale hapakuwa na alama ya brashi. Rangi ilikuwa imesimama matone matone juu ya shaba. Ilikuwa imetoka kwa ndani, kama jasho.

Nikiwa bado nimechuchumaa, pampu ikaamka. Ikavuta, ikakohoa, ikanyamaza. Nikafunua ngama. Kavu kabisa. Kiboya kilikuwa kinashuka taratibu, kama kitu kilichokuwa kimeshikiliwa na sasa kimeachiliwa.

Mtu mwenye akili angeuza mashua. Mimi nilikwenda kununua thina.

Nilipanguza kwa thina na kisu kidogo, safari hii nikianzia kwenye mpini, tabaka kwa tabaka, ile buluu ikitoka kama maganda ya kitunguu. Chini ya buluu, buluu. Kisha kisu kikashika kitu laini. Uzi. Nikaweka kisu chini, nikaendelea kwa kucha. Kitambaa. Mstari mwekundu, mstari mweupe.

Nilikaa tu nimeushika mpini ule kwa mikono miwili, na shati langu likiwa katikati.

Nilimkuta Fundi Grisi juu, anakunywa chai. Nikamwonyesha uzi. Akaweka kikombe.

"Tuliambiwa chuma kizuri kisipotee, mzee," akasema chini chini. "Kivuko kilipoinuliwa, mashua hii ilikuwa ya ofisi, inakosa vifaa. Valvu ilitoka kule. Na mfuniko, ule ni mlango wa stoo, waliupunguza tu. Mimi niliamriwa kufunga. Nilifunga."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Ungenipiga na spana yangu mwenyewe."

Alikuwa na haki. Ningempiga.

* * *

Binti yangu alikuja mpaka ukingo wa gati, akasimama pale, nami nikamletea kipande kidogo nilichochana kwenye kile kitambaa, na mshono wake. Akakigeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza nguo ya mteja.

"Mshono wake," akasema. "Anarudi nyuma sindano moja kila baada ya tatu. Mimi alinifundisha, nikakataa, nikasema unachelewesha."

"Nitaing'oa, mwanangu. Nitaweka nyingine."

"Usiing'oe." Akaitazama mashua, mara ya kwanza kuitazama vizuri. "Ofisi imeshaikagua?"

Nikamwambia hapana. Chombo kilichonunuliwa mnadani hakitoki bila Mkaguzi kusaini, na Mkaguzi ni yule yule. Hawamwondoi mtu kazini huku, wanambadilishia kiti tu.

"Basi mimi nitapanda," binti yangu akasema. "Kwa sharti moja. Sipandi chombo kilichosainiwa na mtu aliyesimama nchi kavu. Akipanda yeye, napanda."

Tukaenda wote wawili. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa watu na bahasha zao, feni inazunguka kwa uvivu, ukuta umepakwa, mnajua rangi gani. Mkaguzi ni mtu mnene wa sauti laini. Alichukua kalamu kabla hajatusikiliza.

"Shikamoo, mkubwa," binti yangu akasema.

"Marahaba, binti. Mashua nimeiona kutoka dirishani. Rangi iko vizuri. Leta nisaini mwende."

"Tunaomba utoke nasi mpaka pale kwenye njia ya meli, kwa majaribio."

"Aa, binti, hilo halina haja. Mimi nikishasaini, imetosha."

"Mkubwa," akamuuliza kwa adabu zote, "hiyo kalamu yako inajua kuogelea?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapiga makofi. Mkaguzi akatazama huku na huku, akaona macho ya watu, na mtu wa cheo anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kuzama. Akasema kesho asubuhi.

* * *

Fundi Grisi alikataa kuja. "Lazima abaki mtu wa kuwazika," akasema, kisha akaniona uso, akajiziba mdomo kwa ule mkono wake mweusi. Akatufungulia kamba.

Asubuhi hiyo valvu niliikuta safi. Hakuna tone la buluu. Nikaifungua, injini ikanywa maji yake, tukatoka; tulipopita gati nikazima injini, nikapandisha tanga. Viraka vya binti yangu vikajaa upepo. Yeye alikaa nyuma karibu yangu, ameng'ang'ania ukingo mpaka vidole vimepauka, macho yamefungwa. Mkaguzi alikaa mbele na redio yake ya mkononi, amevaa viatu vya ofisini.

"Kumbe mzee unaweza," akaniambia. Nikashika usukani.

Tulipofika pale, nilijua bila kuonyeshwa. Upepo ulikatika kama taa. Tanga likalegea, maji yakawa laini mno, laini kama meza iliyofutwa. Mkaguzi akasema jua kali, anashuka kivulini. Akashuka.

Mfuniko ukajifunga juu yake. Hapakuwa na wimbi wala mkono wa mtu. Ukashuka taratibu, ukaingia kwenye fremu yake kama ulimi unavyoingia mdomoni.

Akagonga. "Mzee, fungua, utani mbaya huu."

Nikavuta. Ulikuwa umekwama. Kandokando ya mbao, pale nilipopakwangua mpaka mti mtupu, buluu ilikuwa inachomoza, mbichi, inajaza ufa kama damu inavyojaza kidonda. Chini pampu ikaamka. Safari hii haikukohoa na kunyamaza. Ilivuta kweli, nikasikia maji yanamwagika ubavuni. Bomba limetoka, au limepasuka. Valvu iko wazi.

"Maji!" Mkaguzi akapiga kelele. "Mzee, maji yanaingia!"

Kikwangulio changu cha rangi nilikuwa nimeshakishika mkononi. Nikakaa chini.

Sitaficha nilichowaza. Niliwaza: na wewe onja.

"Baba," binti yangu akasema. Macho yalikuwa wazi sasa.

"Ngoja kidogo."

"Baba, mama alishuka kufunga maji. Wewe umekaa."

Nikapiga magoti, nikaanza kukwangua ufa, lakini kadiri nilivyokwangua ndivyo ilivyochomoza. Nikaweka mdomo kwenye mbao.

"Valvu iko kushoto kwako, chini. Mpini una kitambaa. Igeuze."

"Haigeuki! Imejaa rangi!"

"Ulipoandika kwamba inafanya kazi, uliigeuza?"

Maji tu.

"Uliigeuza?"

"Sikuigusa!" Sauti yake laini ilikuwa imechanika. "Sikuigusa, mzee! Niliona rangi mpya, nikasaini!"

Nilingoja neno hilo kwa muda mrefu, na lilipokuja sikulifurahia. Nikaendelea kukwangua.

Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, kama mtu aliyeingia msibani:

"Mzee, kuna mtu humu."

"Ni wewe uliye humo."

"Hapana. Kuna mama. Amekaa juu ya ndoo." Maji yakagonga mbao. "Ananionyesha mkono unavyokaa." Nikaacha kukwangua. "Amenishika."

Chuma kikalia. Kelele hiyo naijua, kila mtu wa chuma anaijua, valvu iliyokaa miaka ikianza kuzunguka. Ikalia, ikalia, ikanyamaza. Pampu ikavuta kidogo, ikakoroma, ikazima. Nikagusa mfuniko kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Mkaguzi alikuwa amepiga magoti, maji yanamfika mapajani, mikono yote miwili kwenye mpini, buluu mpaka viwiko. Karibu yake kulikuwa na ndoo ya bati, wima, imejaa maji safi, mkono wa ndoo umezungushiwa kitambaa cha mistari myekundu na myeupe. Hatukuwa tumebeba ndoo.

Mkaguzi alipanda bila kuitazama. Binti yangu ndiye aliyeshuka. Yeye, anayeogopa beseni. Aliipandisha kwa mikono miwili, hakumwaga tone, akaifikisha ukingoni. Akazungumza nayo kidogo. Sikusikiliza, yalikuwa ya kwao. Kisha akayamimina maji taratibu pale pale, na ndoo akaiachia ifuate. Haikupiga kelele ilipogusa bahari.

Nami nikaaga, kwa namna yangu. Nikamwambia mlango umefunguka.

Upepo ukarudi. Binti yangu akanisaidia kukaza kamba ya tanga kana kwamba amezaliwa humo. Tulikuwa tunakaribia gati redio ya Mkaguzi ilipokwaruza, sauti ya kijana wa ofisini ikauliza majaribio yamekwendaje, chombo kina watu wangapi.

Mkaguzi alibonyeza kitufe kwa kidole cha buluu.

"Tulitoka wanne," akasema. "Tunarudi watatu."

"Mkubwa, hapa mezani nimeandika watatu mlipotoka."

"Basi rekebisha. Wanne. Mmoja mfagizi wa kivuko."

Redio ikakwaruza, ikakatika. Sijui kama walirekebisha. Nawajua watu wale. Lakini yeye alisema, na binti yangu alisikia. Mimi nilishuka chini, nikahakikisha valvu imefungwa. Kitambaa cha mpini kilikuwa kikavu.